Kigoda cha Milansi na Dadu za Hastinapura

Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa kuhesabu mizani kwa vidole anajua kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani minane. Jumla ni mizani 32. Vipande vitatu vya kwanza hushiriki kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachotembea utenzi mzima tangu mwanzo hadi tamati. Sasa mchukue mwanafunzi huyo umwoneshe ubeti uitwao shloka, ambao ndio uliotumika katika sehemu kubwa ya Mahabharata, utungo mkuu wa Wahindu wa kale. Atakuta robo nne, kila robo ina silabi nane. Jumla ni 32.

Sisemi kwamba utenzi umezaliwa na shloka, wala asije mtu akanisingizia. Shloka haina vina. Kinachoibana ni urefu na ufupi wa silabi katika nafasi maalumu, kwa hiyo silabi zake hazihesabiwi tu, bali hupimwa. Utenzi hauna habari na silabi ndefu wala fupi. Hupenda vina, na hupenda kuvirudia. Ni bahari mbili zilizokutana kwa idadi peke yake. Hata hivyo, mtu aliyekaa na tenzi miaka mingi hawezi kulipita jambo hili bila kusimama kidogo. Pengine mizani 32 ni kiasi ambacho msimuliaji wa habari ndefu anaweza kukitamka, akapumzika, na hadhira ikakishika kabla hajaendelea.

Ninaposema habari ndefu, natumia neno dogo kwa jambo kubwa. Mapokeo yanasema Mahabharata ina beti laki moja (na neno laki lenyewe tumelipata kwa Wahindi). Wataalamu wa Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune walianza mwaka 1919 kulinganisha miswada yake, wakaitumia miswada 1,259, na kazi ya kuusanifu utungo wenyewe ikakamilika mwaka 1966. Baada ya kupepeta yaliyoongezwa na wanakili wa baadaye, bado walibaki na zaidi ya beti 70,000, katika vitabu 18. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, ambao kwetu huhesabiwa miongoni mwa tenzi ndefu kabisa, una beti zaidi ya 4,000. Tena tulikuwa tunalalamika darasani kwamba ni mrefu.

Habari hizi nimezirudia kwa sababu ya riwaya. Mwanafunzi wangu wa zamani aliniazima Parva, kazi ya S. L. Bhyrappa iliyoandikwa kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, na kutolewa mwaka 1979. Mimi nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya K. Raghavendra Rao, iliyochapishwa na Sahitya Akademi, taasisi ya fasihi ya taifa la India. Ni kitabu kinene, kinachofaa huku kwetu Mollo wakati wa kifuku, mvua za uwanda wa Ufipa zinapomfungia mtu ndani mchana kutwa. Kinasimulia upya Mahabharata yote: watoto wa ndugu wawili, Wapandava na Wakaurava, wanaogombea enzi ya Hastinapura hadi kuangamizana katika vita vya siku 18 kwenye uwanja wa Kurukshetra.

Jambo la kwanza ambalo Bhyrappa analifanya ni kuwaondoa miungu. Katika utungo wa kale, Wapandava watano wamezaliwa na miungu: Dharma, Vayu, Indra na wale pacha wa Ashvin. Katika Parva, hao wanaoitwa Deva ni watu, kabila la milimani katika Himalaya, na watoto wamepatikana kwa desturi iliyoruhusu mwanamume mwingine kumzalia watoto mtu asiyeweza kuzaa. Hakuna silaha ya kimuujiza. Vita ni uvundo, njaa, kinyesi cha askari na maiti ambazo hakuna aliyepanga namna ya kuzizika. Hadithi yenyewe haianzi na mfalme mkuu wala na sala. Inaanzia pembeni, nyumbani kwa Shalya, mfalme mzee wa Madra, ambako habari inayowasumbua ni kumwoza mjukuu wa kike na kama ile desturi yao ya kupokea mahari bado inafaa. Nilipofika hapo nilijua kwamba nitakimaliza kitabu. Mtu wa Rukwa hahitaji tanbihi kuelezwa kikao cha mahari.

Kisha mwandishi anawaacha watu wafikiri. Sura baada ya sura, mmoja anakaa na kumbukumbu zake: Kunti, Bhima, Draupadi, Bhishma mzee, Gandhari aliyejifunga kitambaa machoni kwa sababu mumewe ni kipofu. Matukio yaleyale yanarudi, kila safari kutoka kichwani mwa mtu mwingine, na kila safari uzito unahama.

Nimeifurahia mno, na bado nina ugomvi nayo. Utungo ukivuliwa miungu umepoteza nusu ya mbingu yake. Ukivuliwa na mizani vilevile, umepoteza sauti. Kuna kurasa ndani ya Parva ambazo nilizisoma nikitamani ubeti, kama mtu anayekula ugali mzuri huku akiulizia mboga. Lakini kilichobaki ni watu, na watu hao wanasema mambo ambayo katika beti laki moja walipewa nafasi finyu ya kuyasema.

Bhyrappa si wa kwanza kuusimulia upya utungo huu, na kusimuliwa upya ndiko kulikouweka hai. Mshairi Pampa aliutunga kwa Kikannada hichohicho katika karne ya 10. Mwaka 1157 washairi wawili wa Java, Mpu Sedah na Mpu Panuluh, waliutunga kwa Kijava cha kale kwa jina la Bharatayuddha, na hadi leo wachezesha vikaragosi wa kisiwa hicho wanakesha na mashujaa wa Kurukshetra. Katika karne ya 16 mfalme Akbar, Mwislamu, aliamuru ufasiriwe kwa Kiajemi, na kitabu kikaitwa Razmnama, yaani kitabu cha vita. Kwa hiyo umekwenda mashariki kwa bahari na kaskazini kwa nchi kavu, ukibadili lugha na hata dini ya waliousimulia.

Na huku magharibi mwa Bahari ya Hindi je? Sisi tuliopokea maneno kama laki, duka, gari na chapati, tulipokea ngano pia?

Tulipokea, ila kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizosimuliwa Unguja, na miongoni mwake kimo kisa cha punda wa dobi. Kima amekaa juu ya mkuyu, akimtupia papa matunda. Papa anamwalika kwao. Wakifika katikati ya bahari anamwambia ukweli, kwamba sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, basi warudi wauchukue. Alipofika nchi kavu hakushuka tena, akamsimulia papa habari za punda wa dobi, aliyerudi kwa simba mara ya pili akaliwa, na sungura akaapa kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi.

Hadithi hiyo, pamoja na hiyo ya punda iliyofungwa ndani yake, imo katika kitabu cha nne cha Panchatantra ya Kisanskriti. Ilipelekwa Uajemi katika karne ya 6 na tabibu Burzoy. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Njiani wanyama walivaa nguo za kila nchi. Kwa Wahindi aliyekaa majini ni mamba au mnyama wa baharini. Kwa Waarabu amekuwa kobe. Kwetu ni papa. Mbweha wa Kihindi hapa amekuwa sungura, na angekuwa nani mwingine? Mti wa Panchatantra ni jambu, wa jamii ya mzambarau. Katika Kiarabu ni mtini. Unguja ni mkuyu, ambao ni ndugu wa mtini. Punda tu ndiye hakubadilika: tangu Kisanskriti ni mali ya mfua nguo, na Kiarabu kilimwita mwenyewe huyo kwa neno lake. Lakini hadithi ilipofika pwani yetu iliwakuta wafua nguo wa Kihindi, na jina wanaloitwa likaingia ndani yake: dobi. Kisa kilichozunguka Uajemi na Arabuni kilirudishiwa neno la Kihindi kwenye ncha ya safari, na nadhani msimuliaji wa Unguja hakujua kwamba amefanya hivyo.

Hata Mahabharata ilipenyeza vipande vyake katika mzigo huohuo, kwani sura tatu za Kalila wa Dimna zina asili katika kitabu cha 12 cha utungo ule. Lakini vita vyenyewe, dadu na Draupadi, havikupita njia hiyo. Ngano za wanyama hazina msikiti wala hekalu. Humfuata mfanyabiashara yeyote. Habari za wafalme na miungu zilibaki na wenyewe, nyumbani na katika mahekalu yao. Mwenye duka alituuzia kitambaa, sukari na taa. Hakuwa na sababu ya kutusimulia Hastinapura, nasi hatukumwuliza.

Kwa nini basi mzee wa Ufipa ajione yuko nyumbani ndani ya riwaya hii? Kwa sababu uwanda huu, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, una simulizi lake la enzi iliyopotea bila mkuki kurushwa.

Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, aliliandika na kulichambua kwa kirefu, hasa katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola ya Ufipa kabla ya ukoloni. Mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni, akaanzisha Milansi. Wazao wake wakatawala. Siku moja mwene wa Milansi alikwenda kuwinda, naye alikuwa amemwonya mkewe: wakija wageni, asiwape kigoda changu. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, hao ndio mama wa Watwachi. Walifika, wakataka kukaa, na mke wa mwene akatoa kigoda. Mwene aliporudi alikuta nchi si yake tena. Hakupigana. Walielewana: wageni wachukue utawala wa nchi, naye abaki na Milansi yake na heshima ya kikuhani iliyokuwa nayo tangu mwanzo. Watwachi nao baadaye wakagawanyika kuwa milki mbili, Nkansi na Lyangalile, matawi ya ukoo mmoja yaliyowahi kupigana. Hapo msomaji wa Mahabharata anatikisa kichwa. Watoto wa nyumba moja, na uwanja kati yao.

Willis aliona katika simulizi hili mpango wa fikra za Wafipa: Milansi ni kichwa, Watwachi ni kiuno, akili na ukongwe upande mmoja, nguvu na uzazi upande wa pili, na jamii inahitaji vyote viwili. Ni uchambuzi mzuri, nami nimeutumia nilipokuwa nikifundisha. Ila kati ya kichwa na kiuno kuna mkono, na mkono uliotoa kigoda haukupata nafasi yake katika mpango huo.

Sasa tuurudie ukumbi wa Hastinapura. Yudhishthira, mkubwa wa Wapandava, amealikwa kucheza dadu na Shakuni, mjomba wa Wakaurava, fundi wa mchezo huo. Anapoteza vito, magari, mifugo, nchi. Anawaweka ndugu zake rehani mmoja mmoja, akawapoteza. Anajiweka mwenyewe, akapotea. Mwisho anamweka Draupadi, mke wa ndugu wote watano, akapotea naye. Mjumbe anatumwa amlete ukumbini. Draupadi, badala ya kulia, anamrudisha mjumbe na swali: huyo mume alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Kwa maana kama alikwisha kuwa mtumwa, mtumwa hana mali ya kuweka rehani.

Ukumbi mzima wa wazee na wanasheria unashindwa. Bhishma, babu wa wote, anasema sheria ni nyembamba mno, haoni namna ya kulijibu. Na swali halijajibiwa hadi leo. Miaka 13 ya uhamisho na siku 18 za kuuana zinapita, nalo limekaa palepale. Nimewahi kusikia watu wakisema hadithi hizi za kale ni za wanaume na mikuki yao. Waisome sehemu hiyo, kisha wanieleze ni nani mwenye akili ndani ya ukumbi ule.

Lichukue swali la Draupadi, ulilete Milansi. Mke wa mwene alipotoa kigoda, alikuwa na mamlaka ya kukitoa? Kama hakuwa nayo, basi wageni hawakupewa kitu. Walikalia kipande cha mti tu, na mwene aliporudi angeweza kuwaambia wainuke. Lakini hakuwaambia, na nchi ikakubali kwamba enzi imehama. Basi alikuwa nayo. Ina maana kwamba siku ile mwene yuko porini, aliyekuwa akitawala Ufipa ni mwanamke huyo, na uhalali wote wa Watwachi, wa Nkansi na wa Lyangalile pamoja, umesimama juu ya kitendo chake. Simulizi linamfanya mke asiyesikia maonyo, huku linamhitaji awe malkia ili lenyewe liwe kweli. Haliwezi kuyapata yote mawili.

Katika masimulizi niliyosikia, anaitwa mke wa mwene tu. Ntatakwa ana jina. Watwachi wana jina. Hata kigoda kinakumbukwa.

Ndiyo sababu sioni kwamba Bhyrappa aliuharibu utungo wa kale alipowaondoa miungu, ingawa nimenung'unika hapo juu. Alipata nafasi ya kumweka Kunti mbele yetu, mama aliyemtupa mtoto wake wa kwanza mtoni akaja kumkuta upande wa adui, na kumwacha afikiri polepole, kurasa kwa kurasa, bila malaika wa kumsaidia. Nafasi kama hiyo mke wa mwene hajaipata. Kiswahili kina bahari ya utenzi iliyobeba Tambuka tangu 1728 na vita vingine vya mbali ambavyo watunzi wake hawakuviona kwa macho. Kigoda cha Milansi kingetoshea ndani yake bila kukunjwa miguu.

Na atakayetunga asianze na Ntatakwa akianguka kutoka mbinguni. Hapo simulizi linajitosheleza. Aanze uani. Mume ameondoka alfajiri na mbwa wake, ameacha onyo bila sababu yake. Ulezi uko juu ya jiwe la kusagia. Wageni watatu wametokea njiani, wanawake, miguu imevimba, mmoja wao mkubwa kwa umri kuliko mwenye nyumba. Kwa Wafipa, kama kwa watu wengi, mgeni haachwi amesimama, na kwenye ua ule kitu cha kukalia kilichopo ni kimoja. Mizani 32 za kwanza ziwe za mwanamke huyo, mikono yake bado ina unga, akikitazama kigoda na kuwatazama wageni.